Nilimfukuza Mshenga kwa Ajili ya Farasi wa Kwenye Kompyuta

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sina mke, na sababu ya kumkosa mke ni farasi. Tena si farasi wa kweli... hapa Songea farasi wa kweli sijawahi kumwona. Ni farasi wa kwenye kompyuta! Kwa ajili yao nilimfukuza mshenga wangu. Chekeni kwanza, wasomaji wenzangu, halafu mnisikilize.

Naishi Matogoro na mama yangu, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza cherehani, na cherehani yenyewe nikaiweka barazani ili nisilazimike kwenda popote. Wenzangu walikwenda Mbeya na Dar es Salaam kuyatafuta maisha. Mimi niliyasubiri nyumbani. Soko huria lilipotuletea mitumba, watu waliacha kushona suruali mpya, nikawa fundi wa kupunguza. Ni Mzungu gani aliyekuwa akizivaa suruali zile, sijui, lakini urefu wa miguu yake ulinilisha.

Mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyomleta Benigna. Baba yake ni mkulima wa tumbaku huko Namtumbo, naye alikuwa amekuja kukaa kwa mama yake mdogo, jirani yetu wa upande wa juu. Alileta sketi ipunguzwe kiuno. Baadaye akaleta nyingine. Ya tatu haikuwa na kasoro yoyote... niliigeuza, nikaigeuza tena, nikamwuliza nipunguze wapi. Akanijibu nitafute mwenyewe. Hata mimi, pamoja na uzito wangu, nilielewa!

Kwetu mtu hajiposei. Nilimtuma binamu yangu Fidelis, mtoto wa shangazi, mtu mwenye mke na watoto na ulimi unaoweza kumtoa nyoka shimoni. Alikwenda Namtumbo na jembe jipya lililofungwa kitambaa, nao wakalipokea, na Benigna akarudi kwao kusubiri. Jembe likipokewa, mlango umefunguka. Kilichobaki ni wazee wa kule kukaa na kutaja siku, na Fidelis kuniletea jibu.

Ningekaa barazani nikasubiri. Si ndiyo kazi ninayoiweza? Lakini kipindi hicho mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua duka la kompyuta mjini, watu wakajifunze kuchapa. Wanafunzi walipokuwa wachache akaziunganisha zile mashine kwa nyaya na kutuwekea mchezo wa vita vya kizamani, vya ngome na mikuki. Kila mtu anapewa wakulima wachache na kipande cha ardhi. Unakata miti, unachimba mawe, unalima, unajenga nyumba, halafu unatengeneza askari na kwenda kuwachoma wenzako.

Jamani, nilipotea! Mimi nisiyefika sokoni bila kutumwa mara mbili, nikawa nashuka mjini kila Jumamosi.

Hata humo nilikuwa mtu wa nyumbani. Wenzangu walikimbilia kutengeneza wapanda farasi, mimi nililima. Nilizungusha ukuta wa mawe, nikaweka minara kwenye kilima, nikajaza ghala. Bwana Rajabu, mwuza sufuria kutoka Tanga, alikuwa mpole, akimwona mwenzake ana njaa anamtumia chakula. Fidelis hakujenga ukuta hata siku moja. Yeye alikuwa farasi tu, leo kawavamia wakata miti wa huyu, kesho kachoma mashamba ya yule, huku akicheka.

Sasa, mchezo ule una jambo moja. Ukikubaliana urafiki na mtu, mageti ya ukuta wako yanamfungukia yenyewe, hahitaji kubisha. Jumamosi moja mimi na Fidelis tulikuwa upande mmoja. Akaniambia farasi wake wanakuja kunilindia ghala. Nikafurahi. Wakaingia, wakajipanga vizuri katikati ya mashamba yangu, nami nikaendelea kupalilia...

Ghafla akavunja urafiki. Farasi wote walikuwa ndani! Ukuta wangu wote ule, minara yangu yote, vilitazama nje. Wakulima wangu walikimbia huku na huku kama kuku, ghala likawaka, na kabla sijashika hata mkuki mmoja, umeme wa mji mzima ukakatika. Skrini nyeusi. Nikabaki nasikia kicheko cha Fidelis na cha watu waliokuwa wamesimama nyuma yetu.

"Binamu," akasema, "ngome nzuri. Asante kwa kunifungulia."

Wasomaji wenzangu, mtoto wa shangazi ni mtani. Anaweza kukuita mvivu mbele ya wageni, anaweza kulala kwenye kaburi lako akidai umemwachia deni, nawe hukasiriki. Mtani hakasirikiwi! Mama yangu alinifundisha hivyo tangu sijavaa kaptura. Lakini siku ile nilikasirika. Nilipandisha mlima wa Matogoro peke yangu huku najiuliza: mtu anayeweza kunichoma huku namtazama, ananisemea nini huko Namtumbo nisipokuwepo? Si huko nako nimemfungulia geti mwenyewe?

Kesho yake baada ya misa nikaenda kwake. Nilimkuta anakula na mkewe. Akanisogezea kigoda, akaniambia nikae kwanza nile, ana neno zuri la kunipa. Sikukaa. Chakula nikakikataa. Nikamwambia mbele ya mke wake kwamba kuanzia leo asipeleke neno langu popote, nimeshapata mshenga mwenye uaminifu. Akacheka mpaka akapaliwa na ugali. Alidhani namrudishia utani! Wakati anapigwa mgongo na mkewe, mimi nilikuwa nimeshatoka.

Mshenga wangu mpya mnamjua. Ni Bwana Rajabu, kwa sababu kwenye mchezo aliwahi kunitumia chakula... Hiyo ndiyo sifa niliyotafuta. Mama alilia, akanionya kuwa mshenga habadilishwi kama kiraka. Nikamjibu kwa ukali. Mungu anisamehe.

Rajabu alikwenda akiwa amevaa kanzu safi, akasalimia kwa adabu zote, shikamoo kwa kila mkubwa. Kosa halikuwa lake. Baba yake Benigna alimwuliza jambo moja tu, yule wa kwanza amekufa? Maana kwao mshenga huondolewa na kifo, au anajiondoa mwenyewe akigundua mposaji ana aibu isiyosemeka. Rajabu si mtu wa kusema uongo. Akasema mzima, wamegombana. Wamegombania nini? Farasi, akasema. Kijana anafuga farasi? Hapana, mzee, hana.

Rajabu alinisimulia kwamba hapo mzee aliinuka, akaingia ndani kulileta jembe.

Jembe langu lilirudi naye, likiwa bado na kitambaa chake. Jembe likirudi hakuna maswali tena. Namtumbo ilishaamua kwamba nina ugonjwa, au nina mke mahali, au nina wazimu, na kwamba Fidelis ameliona hilo akakimbia.

Nilikimbia kwa Fidelis. Safari hii nilikaa hata kabla ya kukaribishwa. Hakunitania. Aliniambia lile neno zuri la Jumapili lilikuwa siku ya harusi! Wazee walikuwa wameshaitaja, baada tu ya mavuno ya tumbaku. Jumamosi ile alikuwa nayo mfukoni, akaona anichome kwanza, kama mtani anavyomfanyia bwana harusi, halafu aniambie. Umeme ukakatika, nami nikaondoka bila kuaga.

Alirudi Namtumbo kuniombea. Wakampa maji ya kunywa, wakamwambia mshenga aliyetupwa haokotwi. Alirudi na maneno ya Benigna tu, na aliyasema polepole, akitazama chini.

"Mwambie Kastori, fundi wa viraka ningeweza kuishi naye. Mtu wa kugombana na picha, hapana."

Aliolewa na mwalimu mgeni. Sketi yake ya tatu ninayo bado. Hakuja kuichukua, nami sijapata pa kuipunguza.

Vijana wenzangu, nawasihi. Chezeni, sikatazi. Lakini mkitoka mchezoni, tokeni kweli! Mtu akikukaribisha chakula na neno, kaa. Neno lile huenda ndilo maisha yako. Mimi nililinda ghala la mahindi yasiyolika, nikamfungia nje aliyekuwa ananiletea mke...

Wiki iliyopita nilikuwa naziba ua wetu kwa mianzi mipya. Nilifika kwenye ule upenyo wa upande wa Mama Oswini, jirani yetu wa upande wa chini, anaoutumia kuingia kwetu tangu nikiwa mtoto. Alisimama hapo na kikombe chake mkononi, akanitazama mpaka nikaacha kupiga msumari.

"We Kastori, unamzuia nani? Anayekuja kwako ni mimi tu, na mimi nafuata chumvi."