Mhoja na Mkataba wa Amani ya Ziwa

Asubuhi hiyo Mhoja alikuwa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kando ya Butimba, akishona nyavu zake za sangara. Ulikuwa mwaka 1994. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na Mhoja, mtu wa maneno mengi, alikuwa amejiunga na chama kipya. Majirani walisema hata akienda kuoga ziwani haivui kofia ya chama, na hawakuwa mbali sana na ukweli.

Nyumbani hakukuwa na raha. Nestory, mdogo wa mkewe Ng'washi, alikuwa amekamatwa ziwani na walinzi wa nchi jirani, pamoja na mtumbwi na injini yake. Ng'washi alikuwa hali wala halali vizuri. Kisha redio ikatangaza kwamba serikali hizo mbili zimetiliana saini mkataba wa amani ya ziwa. Wavuvi waliokamatwa wataachiwa. Ila kwanza kila mwalo ukutane, uukubali mkataba na kuchagua kamati ya kuusimamia.

Ng'washi alifurahi mpaka akalia. Mhoja alikunja uso. Yeremia, mwenyekiti wa tawi la chama tawala, alikuwa ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba akiusifu mkataba. Hilo lilimtosha Mhoja. Aliwaambia wenzake wa chama kwamba serikali imeuza ziwa, na mkutanoni Jumamosi waupinge wote.

"Umeusoma?" Ng'washi alimwuliza.

"Niusome ya nini? Namjua Yeremia."

"Na mdogo wangu, Baba Dorcas?"

Mhoja akasimama akatoka. Tangu hapo mkewe alimpakulia chakula bila kumsemesha.

Jioni alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Paskazia, aliyefundisha elimu ya watu wazima. Alijua Mwalimu ameleta nakala ya mkataba kutoka mjini, na alitaka amuunge mkono. Mwalimu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Dada yangu ameolewa ng'ambo ya ziwa," alisema. "Juzi alikuja kunisalimia. Kule nako wapinzani wanasema serikali yao imeuza ziwa. Imetuuzia sisi. Sasa shemeji, ziwa limeuzwa na pande zote mbili. Nani kalinunua?"

Mhoja alicheka bila kutaka.

Mwalimu akamweleza taratibu. Mkataba wa nchi na nchi ukifika nyumbani, watu wenye ugomvi wa vyama hutazama nani kauleta. Wa serikali husifu hata wasichokijua. Wapinzani hupinga hata kinachowafaa.

"Kupinga si kosa, shemeji. Ndiyo kazi yenu," alisema. "Lakini soma kwanza. Uliza unasema nini, unatufaa wapi, na umepungukiwa na nini."

Wakausoma pamoja. Mhoja alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Hakuona mahali ziwa lilipouzwa. Kwenye kifungu cha wavuvi kidole kikasimama.

"Watu wataachiwa, mitumbwi itarudishwa. Injini mbona hazimo?"

Mwalimu akasoma tena. Kweli, hazikuwemo.

"Hapo sasa pana la kupinga," alisema.

Jumamosi Yeremia aliwaambia watu wanyooshe mikono tu, maana wakubwa wameshaamua. Mhoja akasimama. Wenzake walingoja matusi. Yeye akawaambia kwamba ameusoma mkataba na unawafaa, ila kamati idai injini nazo ziandikwe. Baadhi ya wenzake waliguna. Mmoja alimwuliza kama amehama chama. Mhoja akagusa kofia yake, akasema hajahama.

Injini ya Yeremia mwenyewe nayo ilikuwa imekamatwa ng'ambo, na hakuwa ameusoma mkataba aliokuwa akiusifu.

"Hoja ya Mhoja ina maana," alisema Yeremia. Mikono ikanyooshwa, ya chama hiki na ya kile.

Dai lao lilipelekwa kwa wajumbe wa nchi zote mbili, likakubaliwa. Nestory alirudi mchana kweupe, amekonda, injini ikinguruma nyuma ya mtumbwi. Watu waliingia majini mpaka magotini kumpokea. Papo hapo wa chama tawala wakaanza kujisifu, na wa chama kipya nao hawakukubali kupitwa. Ng'washi aliwapita wote. Alimkumbatia mdogo wake, kisha akaja kumshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Injini hiyo aliidai mume wangu," alisema kwa sauti, ili kila chama kisikie. "Yeye aliusoma."