Tairi Lililofichwa Nyuma ya Mapipa

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, wanangu. Nikitia chumvi hata punje moja, nywele nilizobakiza kichwani, ambazo hata hivyo zinahesabika, na ziende zote.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili ambaye gereji nzima ilimwita Spana, kwa kuwa alikuwa mwembamba, mgumu, na kila alipohitajika alikuwa karibu. Akitoka shule alivua sare, akavaa ovaroli ya baba yake iliyokunjwa mikono mara tatu, akaanza kazi: kuosha nati kwa mafuta ya taa, kupanga vifaa kwa ukubwa, kufagia.

Baba yake ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kilema tangu siku gari lilipoteleza kwenye jeki na kumwangukia, kwa hiyo hakuwa na mzaha kazini. Gerejini kwake sheria ilikuwa moja: ukitoa kitu chochote kwenye gari, hata skrubu, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Gari lenye kitambaa haliwashwi mpaka aliyekifunga aulizwe ametoa nini.

Mboni ya jicho la Baba ilikuwa gari la spoti, milango miwili, viti viwili. Alilipata likiwa chuma chakavu akalifufua kwa miaka mitano. Lilikuwa fupi hivi kwamba kuku akisimama kando yake aliwatazama waliomo machoni. Kila mwaka Baba aliliingiza katika mashindano ya kupanda mlima, na mwaka uliopita alishindwa kwa sekunde mbili.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mashindano, ubishi ukazuka.

"Shemeji, toa hilo tairi la akiba," alisema Mjomba, kaka yake Mama, aliyefanya kazi pale pale. "Tairi na rimu yake ni kilo ishirini. Unapanda mlima na abiria asiyelipa nauli!"

"Halitoki."

"Sekunde mbili, shemeji! Hata chafya inachukua zaidi."

"Na jingine likipasuka huko juu, utanivalisha kiatu chako?"

"Nitakuja kukuchukua."

"Wewe? Na hiyo pikipiki yako inayokohoa kuliko mama yangu mwenye pumu?"

Wakacheka, kila mmoja akashika kazi yake. Spana hakucheka. Alikuwa akihesabu sekunde. Alikumbuka jinsi Baba alivyorudi mwaka uliopita, akakaa ndani ya gari mpaka giza likaingia, mikono ikiwa bado juu ya usukani.

Watu wazima walipokwenda kula, Spana alifungua buti, akalegeza boliti, akalitoa tairi na kulivingirisha hadi nyuma ya mapipa ya mafuta machafu. Akalifunika kwa magunia. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye msumari wenye vitambaa vyekundu, ukasimama hewani. Kitambaa kingemfanya Baba aulize. Akaurudisha mkono mfukoni. Jumapili jioni, baada ya kombe, angesema yote na wangecheka.

Lakini Jumamosi asubuhi simu ikaita. Alikuwa jirani wa Bibi, mama yake Baba, aliyeishi juu mlimani. Bibi alikuwa amebanwa na pumu tangu alfajiri, na dawa yake ya kuvuta imekwisha.

Baba alinunua dawa duka la dawa la pembeni. Magari ya wateja yote yalikuwa yamepasuliwa matumbo. Mjomba na pikipiki yake hawakuwa wamefika, na gari lililokuwa zima ni moja, lile la spoti. Baba aliutazama usukani. Haukuwa na kitambaa.

"Spana, ingia. Shika dawa."

Spana alifungua kinywa. Maneno yalifika hadi kwenye meno yakageuka. Tairi halipasuki kila siku, alijiambia. Akaingia.

Walipokuwa wamepanda mlima nusu, pakatokea mlio, pa!, na gari likayumba hadi ukingoni mwa barabara. Jiwe lilikuwa limechana tairi la mbele.

"Usiogope," alisema Baba. "Dakika kumi tu." Akateremka akichechemea, akizunguka kwenda nyuma. Alikuwa akiimba kwa pua, kama kawaida yake akiwa na kazi anayoiweza. Spana alisikia buti likifunguliwa. Wimbo ukakatika.

Baba alifunga buti kwa kishindo. Kisha akatoa simu.

"Shemeji, umelitoa! Nilikukataza, ukalitoa! Nani mwingine? Nani mwingine alilitaka? Usiniapie! Mama yangu akifa, itakuwa juu yako!"

Upande wa pili Mjomba naye alipandisha sauti, halafu simu ikakatwa. Spana alikaa kitini, kichupa cha dawa kikilowa jasho mkononi. Sasa hakuwa ameficha tairi tu. Alikuwa amemtwika mtu mwingine kosa lake.

Ilikuwa siku ya soko, na kila gari lilikuwa likiteremka kwenda mjini, hakuna lililopanda. Dereva wa lori alisimama akatikisa kichwa: matairi ya gari lile fupi hayakuwa ya kuazima popote. Hadi kwa Bibi zilibaki kilomita kumi na nne za mlima mtupu. Baba alijaribu kutembea, hatua hamsini, mguu ukamkatalia. Akarudi, akaketi juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Spana hakuwahi kuona mabega ya baba yake yakitetemeka.

"Baba," alisema. "Ni mimi."

Baba hakuinua kichwa.

"Ni mimi niliyelitoa. Liko nyuma ya mapipa. Nilitaka ushinde."

Laiti angempigia kelele. Baba alimtazama tu, macho kama ya mtu anayesoma herufi asizozijua. "Na nilipokuwa namtukana mjomba wako," aliuliza polepole, "ulikuwa wapi?"

Alikuwa pale pale, hatua mbili.

Baba alimpigia Mjomba. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara ya saba akaiweka chini. "Nimemtia doa, hapokei. Na mimi nisingepokea."

Jua lilizidi kupanda. Mahali fulani huko juu, Bibi alikuwa akivuta pumzi moja kwa kazi ya kumi, na kila pumzi, Spana aliwaza, nimempunguzia mimi. Aliomba simu, akabonyeza kurekodi, na sauti yake ikatoka nyembamba kama uzi.

"Mjomba, ni mimi Spana. Baba amekusingizia. Mwizi wa tairi ni mimi, na nilikusikia ukitukanwa nikanyamaza. Liko nyuma ya mapipa, chini ya magunia. Usije kwa ajili yangu. Bibi hana pumzi."

Mjomba, jamani! Ujumbe haujaisha aliruka juu ya pikipiki kama kijana wa miaka ishirini, tairi mgongoni, akapaa kona zile hata vumbi likaomba radhi. Dakika ishirini, si zaidi, akawa amefika. Kwa Spana dakika hizo zilikuwa maisha mazima.

"Shemeji, nisamehe," Baba alianza.

"Utaniomba radhi baadaye. Lete dawa. Spana, panda nyuma."

Walimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, midomo ya rangi ya majivu. Hakuwa na pumzi hata ya kumwitikia mjukuu wake. Spana alimwekea dawa mdomoni, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena. Kifua kilipiga filimbi, kikanyamaza, na kwa kitambo kile cha ukimya Spana alijua kabisa kwamba ameua. Kisha Bibi akakohoa. Baba alipofika na gari, walimpeleka zahanati, akalazwa siku sita.

Jumapili mlima ulipandwa na wengine. Hakuna aliyetaja kombe.

Siku ya nne Bibi alipata sauti, akamwita Spana kando ya kitanda.

"Nimeambiwa... yote," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Kumtakia baba yako ushindi si kosa. Kutoa kitu chake kwa siri ni kosa, nalo dogo. Kosa kubwa ni mwenzako kubebeshwa mzigo wako nawe unatazama. Ukweli uliusema, na ndio ulioniletea dawa. Lakini ulichelewa, mjukuu wangu, na aliyeusubiri ni mimi. Siku nyingine useme gari likiwa bado gerejini."

Spana alilia mpaka shuka ikalowa. Bibi akamwacha alie.

Hadithi yangu ilikuwa iishie hapo. Kwa bahati mbaya nilimpa Spana mwenyewe aisome kwanza. Siku hizi ndiye fundi mkuu wa gereji ile.

"Dakika ishirini?" akauliza, kidole juu ya karatasi. "Ujumbe niliutuma saa nne na nusu. Wewe ulifika saa sita kasoro robo. Na simu ilionyesha uliusikiliza papo hapo. Ulikuwa wapi, Mjomba?"

Ndiyo, wanangu, mjomba wa pikipiki ni mimi. Nilikuwa kwenye benchi la gereji na kikombe cha chai. Nilikuwa nimenuna. Nilitaka baba yake anipigie mara ya nane. Nilisikia "Bibi hana pumzi", nikamimina kikombe cha pili.

Sikuwahi kumwambia mtu.

Spana aliikunja karatasi. Alichukua ndoo, akatia maji na sabuni, akanielekeza uwanjani. Magari yalikuwa tisa. Magurudumu thelathini na sita, pamoja na tisa ya akiba, ambayo alitaka niyatoe, niyasugue na kuyarudisha. Yananisubiri. Nimeanza na la kwanza, na mgongo wangu tayari unalia.