Kata Kwanza, Ndipo Tucheze

Mimi siogopi kitu, hata radi ikiniona inapunguza sauti. Lakini hili la rafiki yangu fundi saa limenitoa jasho mpaka kwenye kope.

Mkewe alimwambia, "Baba wee, kesho usiposhinda, hayo makadi yako ya majoka nayatia moto!"

Basi mchana kweupe jamaa kajifungia stoo isiyo na dirisha, anapanga kadi sitini za mchezo wa vita vya majoka na wachawi, kwa mashindano ya kesho. Anatoa majoka mazito, anaongeza wachawi wepesi, anajijaribu peke yake mbele ya kiti kitupu.

Umeme ukakatika. Giza la kuchota kwa ndoo! Mikono yake ikaendelea kuchanganya kadi: frr, frr. Kwa mazoea akazisukuma mbele, maana mpinzani lazima akate kwanza, azigawe mafungu mawili.

"Kata," akasema.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Halafu, taratibu: frr.

"Mke wangu, acha utani!"

Sauti ya mkewe ikatoka uani, mbali: "Unaongea na nani humo?"

Umeme ukarudi. Kadi zimekatwa mafungu mawili, sawasawa. Akazikusanya mbiombio, kesho anazihitaji. Fungu la mbele ya kiti lilikuwa na joto la kiganja.