Simu Yangu Ilifungwa na Mtu wa Tumbo Moja

"Huyo hapo! Mshikeni!"

Niligeuka. Askari alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha fundi simu, Kirumba. Nyuma yake alisimama Luhende, kidole kimenielekea usoni.

Luhende ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja.

"Afande, simu yangu ndiyo hiyo! Kaiiba! Na namba yake imeshabadilishwa!"

Ndugu msomaji, usinihukumu bado. Nisikilize kwanza.

Ilikuwa mwaka 1999. Wenye simu za mkononi pale Mwanza uliweza kuwataja kwa majina. Mimi, Paskazia, muuza sangara wa soko la Mwaloni, nilikuwa mmoja wao. Simu yenyewe ilikuwa nzito kama jiwe la mizani, lakini niliinunua kwa jasho langu.

Kila alfajiri wakala wa kiwanda cha minofu alinipigia kunipa oda. Usipopatikana, oda inakwenda kwa mwingine.

Asubuhi moja... kimya.

Simu inawaka, lakini haipigi wala haipokei.

Nilitia simu na boksi lake kwenye kikapu, nikaenda ofisi ya kampuni ya simu.

"Imefungwa, mama. Mwenyewe ameripoti kuwa imeibiwa."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Aliyeripoti anaitwa Luhende. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, tofauti na namba unayopigiwa. Hiyo ndiyo tuliyoifunga. Nendeni polisi. Wakishajua mwenyewe ni nani, tutaifungua."

Nikakimbilia simu ya posta, nikampigia wakala.

"Paskazia? Kaka yako amesema umeacha biashara. Kama hupatikani hadi kesho alfajiri, oda nampa yeye."

Nikakata simu.

Nilipotoka posta nikamkuta Rahim, fundi redio aliyegeuka fundi simu.

"Sister, mbona sura imekunjamana hivyo?"

Nikamweleza yote. Akacheka.

"Hiyo ndogo! Twende kibandani. Nabadili namba ya ndani na ya kwenye kibandiko. Kampuni itaiona kama simu nyingine kabisa. Kesho alfajiri unapokea oda yako."

"Sheria inaruhusu?"

"Sheria gani? Nionyeshe kifungu! Nchi imefunguliwa, sister. Siku hizi kila kitu ruksa!"

"Lakini, Rahim..."

"Simu ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa mtu anajiibia mwenyewe?"

Swali lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno!

Tulipofika kibandani alichukua bisibisi, akatoa betri. Hapo ndipo nilipokumbuka masikio ya ng'ombe.

Nyumbani kwetu kila ndama alikatwa sikio kwa alama ya boma letu. Mifugo ikichanganyika machungani, sikio ndilo shahidi. Jirani yetu Mhoja alimkata tena ng'ombe wake mwenyewe, eti alama ya kwanza haikumpendeza. Ng'ombe yule alipopotea na kuonekana katika zizi la watu, wazee walimtazama, wakamuuliza Mhoja:

"Huyu amekatwa mara mbili. Mwenye mali hukata mara ngapi?"

Ng'ombe alikuwa wake kweli, na alimkosa.

Nikamshika Rahim mkono.

"Acha."

"Sister, usiwe mshamba!"

"Rudisha betri. Namba hiyo ndiyo shahidi wangu. Nikiifuta, simu hii haitakuwa yangu tena. Itakuwa ya wizi, na mwizi nitakuwa mimi."

Akarudisha, lakini macho yake yalikwenda mlangoni.

"Subiri basi kidogo tu..."

"Nisubiri nini?"

Hapo ndipo ile sauti iliponguruma: "Huyo hapo! Mshikeni!"

Askari alininyooshea mkono.

"Mama, lete simu."

"Chukua, afande. Na boksi lake hili hapa. Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Namba itatokea yenyewe."

Alibonyeza. Akasoma kioo, akasoma boksi, akafungua betri akasoma kibandiko. Kisha akarudia tena, polepole.

"Ni zile zile. Hakuna kilichobadilishwa."

Askari akamgeukia Luhende.

"Bwana, hukuwemo humu ndani. Umejuaje kwamba namba imebadilishwa?"

Luhende alimtupia Rahim jicho.

"Umejuaje?"

Aliyejibu ni Rahim, jasho likimtoka.

"Afande, mimi nilitumwa tu! Alinipanga nimfuate huyu dada akitoka kampuni ya simu. Akasema atawaleta nyinyi mchana, mnikute nimeshamaliza kazi!"

Niliwageukia. Mmoja aliifunga simu yangu. Mwingine alitumwa anisaidie kuifungua kwa namna ambayo ingenipeleka rumande.

"Paska," Luhende alinong'ona. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Baba alipokuwa akikata ndama masikio, nani alikuwa akiyashika?"

"...Mimi."

"Alikata mara ngapi?"

Akainamisha kichwa.

"Mara moja."

Jioni mama alinifuata nyumbani Mkolani, analia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Luhende ni damu yako. Yamalizeni nyumbani."

"Mama, kwenye kampuni alisema mimi ni mwizi. Kwa polisi alisema mimi ni mwizi. Atakanusha huko huko!"

Sikufuta maelezo niliyoandikisha polisi. Wanandugu walininunia, na mimi niliwaacha wanune.

Oda ya alfajiri ile niliikosa. Baada ya polisi kuthibitisha kuwa ni yangu, simu ilifunguliwa, na alfajiri moja ikalia.

"Paskazia, upo?"

"Nipo!"

Siku hizi sheria imeandikwa waziwazi: kubadili namba ya utambulisho ya simu ni kosa, hata kama simu uliinunua mwenyewe. Mimi sikusubiri kifungu. Simu yako ikifungwa kwa hila, ipiganie ikiwa na namba yake ile ile. Na anayekuharakisha uifute, kabla hujampa betri, mtazame macho yake yanakwenda wapi.

Ya Rahim yalikuwa mlangoni.