Mlango wa Paka Asiyekuwepo

Mume wangu ni seremala, na ana tabia moja iliyonishinda: hatupi mbao. Akikata kipande popote pale, hata kiwe kidogo cha kuegemeza meza tu, atarudi nacho nyumbani amekibana kwapani. Ukimuuliza cha nini, atakwambia, "Kitapata kazi." Stoo yetu imejaa vitu vinavyosubiri kazi. Kwa hiyo siku ile aliporudi mchana na kipande cha mlango, kijani upande mmoja na cheupe upande wa pili, wala sikushangaa. Nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchele. Nilimwambia tu asinimwagie vumbi la msumeno.

"Cha wapi tena hicho?"

"Cha kwa Meneja. Kaniita nimtobolee mlango wa uani. Anataka mlango wa paka."

"Meneja ana paka tangu lini?"

Alikiweka kile kipande pembeni yangu, upande wa kijani ukiwa juu, akaenda kunawa mikono. Nilikitupia jicho, nikarudi kwenye mchele. Kisha nikakitazama tena, na mchele sikuushika tena siku hiyo.

Kwanza niwaeleze Meneja ni nani. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Hakuwa meneja wa kitu chochote. Alikuwa anashika funguo za ghala la vipuri, lakini viatu vyake vilivyong'arishwa na ile namna yake ya kuongea mikono ikiwa mgongoni vilimpa cheo ambacho mwajiri wake hakumpa. Aliishi na mkewe na mama yake mzazi. Mama huyo safu yetu nzima ya nyumba tulimwita Bibi Sweta, kwa sababu ya sweta lake la kahawia ambalo hakulivua jua wala mvua, mikono yake mirefu mpaka ikimfunika viganja.

Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Alikuwa anatoka uani, anasahau alichofuata, anagonga afunguliwe. Akifunguliwa anaingia, anakaa kidogo, anatoka tena. Ukikaa kwangu ungemsikia: "Hodi, mwanangu. Nifungulie, mwanangu." Kutwa. Inachosha, sikatai. Lakini kuchoka ni jambo moja, na walichofanya ni jambo lingine kabisa.

Bibi Sweta alikufa siku ya mvua kubwa, wiki chache kabla ya huo mlango wa paka. Meneja alituambia alitoka kwenda kuanua nguo bila wao kujua, akateleza kwenye kizingiti cha uani, akafa papo hapo. "Hakupata shida," alisema. Alimwambia kila aliyekuja kutoa pole. Hakupata shida, hakupata shida, mpaka nikajiuliza ni nani aliyemuuliza.

Nilikuwa mmoja wa wanawake tulioingia kumwosha na kumvika. Mkono wa kulia ulikuwa kwangu. Kucha zilikuwa zimevunjika, nyingine zimeng'oka mpaka kwenye nyama. Chini ya zile zilizobaki kulikuwa na rangi ya kijani. Tulitazamana. Mmoja wetu alivuta mkono wa lile sweta tulilomvika tena ukafunika vidole, tukaendelea na kazi.

Kitu kingine ninachokikumbuka cha siku ile ni redio. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai roho ya mtu, na bado redio ya Meneja ilikuwa inaishinda mvua. Nililaani redio ile mchana kutwa.

Sasa mnaelewa kwa nini niliacha mchele. Kipande alicholeta mume wangu kilikuwa kimekatwa chini kabisa ya mlango, kimo cha goti. Rangi yake ya kijani ilikuwa imekwaruzwa mpaka mbao ikaonekana. Mikwaruzo ilikuwa minne minne, mipana.

"Hii ni ya paka?" nilimuuliza aliporudi anajifuta mikono.

"Nilimwambia aniletee paka nimpime mabega." Hiyo ndiyo desturi ya mume wangu, hakati tundu la mnyama ambaye hajampima. "Kaniambia paka katoka. Akachukua chaki akachora mwenyewe pa kukata. Akaizungushia mikwaruzo yote, hakuacha hata mmoja."

"Na wewe ukakata."

"Mlango ni wake, mke wangu. Ningefanyaje?"

Nilikifuta vumbi pande zote mbili kwa kanga yangu, nikakiingiza stoo chini ya magunia. Upande mweupe ulikuwa safi, laini kama sahani. Hilo nalisema kwa sababu nina uhakika nalo.

Haraka ya Meneja tuliijua. Dada yake mkubwa, aliyemlea kama mtoto wake, alikuwa mbali kikazi na hakuwahi mazishi. Sasa alikuwa njiani. Katika dunia hii Meneja hakumwogopa mtu mwingine. Dada huyo angekuja, angetaka kuoneshwa mama alipoangukia, angepiga magoti pale kizingitini, na mbele ya macho yake ingekuwepo ile mikwaruzo. Kwa wachache waliokwisha kuiona, Meneja alikuwa amesema ni ya paka. Uongo huo sasa ukahitaji mlango wake.

Na aliuhudumia kweli kweli. Alizunguka safu nzima akimsimulia paka wake, anavyopenda kukwaruza, anavyolia mvua ikinyesha kama mtoto. Mwalimu mstaafu wa upande wake wa pili aliamini mpaka akaanza kumwekea miiba ya samaki. Siku moja Meneja alileta paka wa kweli kutoka buchani, jike la madoa. Paka yule alinusa lile tundu mara moja tu. Manyoya yakamsimama, akamrarua Meneja shavu, akaruka ukuta. Hakurudi. Meneja aliendelea kumsimulia vilevile, na plasta shavuni.

Halafu mkewe akaja kwangu. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Alikuja na beseni la nguo kavu kana kwamba anakwenda kufua.

"Dada," alinong'ona. "Kile kijimlango mumeo alichokifunga kwenye tundu la paka kinafunguka."

"Upepo, mdogo wangu."

"Nilikuwa napiga pasi. Kikafunguka chenyewe. Mkono ukaingia." Alishika beseni kwa nguvu. "Una sweta. Umelowa. Ukapapasa mlango taratibu kwenda juu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukafika kwenye komeo. Ukalivuta."

Nilimuuliza alifanya nini.

"Mlango ulifunguka. Hakukuwa na mtu. Lakini kizingiti kilikuwa kinachuruzika maji, na mvua hatujaiona wiki nzima. Na kila nikiamka nakuta uzi umenasa kwenye bawaba. Uzi wa kahawia."

Hapo ndipo yakamtoka yote, akilia bila sauti. "Tulimsikia, dada. Alianguka, akawa hawezi kusimama. Akawa anakwaruza chini. Nikasema nimfungulie. Mume wangu akasema, mwache alowe kidogo, akili imrudie. Akaongeza redio."

Jioni ile alifunga mzigo akaenda kwao. Beseni lake ninalo mpaka leo.

Kesho yake Meneja alimwita mume wangu kupandisha komeo. Mume wangu akauliza, mpaka wapi? Meneja alitoka uani, akalala kifudifudi na suruali yake iliyopigwa pasi, akapitisha mkono kwenye tundu la paka mpaka begani, akanyoosha vidole kwenda juu kadiri alivyoweza.

"Weka alama hapo," alisema kutoka nje. "Hapo ndipo mkono unapoishia. Komeo liwe juu ya hapo."

"Paka wako ana mkono?"

"Fanya kazi yako, fundi."

Mume wangu alifanya kazi yake. Alilifunga komeo upana wa kiganja juu ya alama.

Mvua ilirudi siku moja kabla dada hajafika. Ilianza mchana, ya mawe na baridi, na haikukatika mpaka alfajiri. Na redio ya Meneja ikafunguliwa mpaka mwisho. Nilisema moyoni, huyu mtu hana haya. Nikaziba masikio kwa mto.

Dada mkubwa alifika asubuhi, begi mkononi. Alibisha mlango wa mbele, hakuitikiwa. Redio ilikuwa inaimba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaja kwetu kuomba msaada, na mume wangu akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa uani, kwa tahadhari, maana Meneja aliupandia vipande vya chupa juu ili wezi wasiingie. Alipanda. Akachungulia. Akateremka, akakaa chini kwenye tope.

Nilipanda mimi.

Meneja alikuwa amelala kifudifudi kizingitini. Kiatu kimoja kilikuwa mbali, pale alipoteleza. Nguo alizotoka kuanua zilikuwa zimetapakaa matopeni. Mguu ulikuwa umepinda vibaya. Alitambaa. Alama zilionekana. Alitambaa mpaka mlangoni, akaingiza mkono kwenye tundu la paka. Mpaka begani. Shavu lenye plasta lilikuwa limebanwa kwenye rangi ya kijani. Macho yalikuwa wazi.

Mwalimu mstaafu alichungulia kutoka ukuta wake na kofia ya kulalia. "Nilisikia," alisema. "Jana. Kitu kinakwaruza, kinalia. Kinakwaruza, kinalia. Nikapiga kelele, mnyamazisheni paka wenu! Nilidhani ni paka. Si yeye ndiye aliyetuambia ni paka?"

Mume wangu alivunja fremu ya mlango wa mbele. Akaingia wa kwanza, mimi na dada mkubwa nyuma yake.

Komeo la mlango wa uani lilikuwa limefungwa. Lile komeo halifungiki kwa nje. Kulifunga ni lazima uwe ndani.

Ndani hakukuwa na mtu. Kiti cha Bibi Sweta kilikuwa kimesogezwa mbele ya mlango, karibu kabisa. Kimeelekea mlangoni. Redio ilikuwa sakafuni kando ya kiti, mahali ambapo mtu aliyekaa angeifikia kuongeza sauti.

Mkono wa Meneja ulikuwa umekakamaa, vidole juu. Ulikuwa umepungua upana wa kiganja kufikia komeo. Kucha zilikuwa zimevunjika. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe.

Mume wangu alipiga magoti kutafuta alipokwaruza. Alipapasa mlango wote kwa ndani. Hakukuwa na mkwaruzo. Hata mmoja.

Dada mkubwa alizima redio. Aliusukuma mkono wa mdogo wake polepole ukatoka tunduni, akafungua mlango, akamgeuza, akauweka mkono kifuani pake, kisha akauliza bila kutugeukia, "Hili tundu la nini?"

"La paka," alisema mume wangu.

"Mama alikuwa anabanwa na kifua akikaa chumba kimoja na paka. Tangu tukiwa wadogo. Paka gani?"

Mume wangu akaniangalia. Nilimshika mkono yule dada, nikampeleka kwenye stoo yetu.

Kipande kilikuwa palepale chini ya magunia. Hakuna aliyekigusa. Nilikitoa nikakishika upande wa kijani ukimwelekea. Aliingiza vidole vyake kwenye ile mikwaruzo, kimoja kimoja, vikaenea. Alikuwa na mikono ya mama yake. Alilia hapo kwa mara ya kwanza, akaita, "Mama, mama yangu," na mimi nikalia naye.

Sikutaka aendelee kuitazama. Nikakigeuza.

Upande mweupe, niliouacha laini kama sahani, ulikuwa umechimbwa. Mikwaruzo minne minne, ya vidole vipana vya mwanamume, yote inakwenda juu. Ilikuwa mipya. Maganda ya rangi yalikuwa bado yanadondoka kwenye miguu yetu. Na pale ilipoishia, ndani ya mkwaruzo wa mwisho, palikuwa na uzi wa kahawia, umelowa.

Mume wangu alitaka kukipiga randa, mikwaruzo itoke. Dada mkubwa alikataa. "Kirudishe kama kilivyo," alisema. Mume wangu akakirudisha kwenye tundu lake, kijani nje, nyeupe ndani, kisha nyumba ikafungwa, na hakuna aliyehamia tangu wakati huo.

Siku hizi mume wangu anarudi kazini mikono mitupu. Stoo nimeifagia, magunia nimeyatupa, mbao zake zote nimezigawa. Kimebaki kitu kimoja. Kwenye saruji, pale kile kipande kilipokuwa kimelala, kuna maji yenye umbo lake, pembe nne zilizonyooka. Nafuta kila siku na kufungua dirisha jua liingie. Hayakauki.