Maiti Asiyeitwa

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa na mtu mwenye akili zake: mzee alirudi kutoka kazini bila kukohoa.

Mkewe alisikia mlango, akasubiri kile kikohozi kilichozoea kuingia ndani kabla ya mwenyewe. Kimya. Mzee akapita na pauda ya kijivu ya kuigizia maiti bado usoni, akaketi kwenye kiti kisicho chake.

"Leo hukunawa uso, baba watoto?"

"Nitanawa," akajibu. Sauti ilikuwa nzuri mno.

Watu walimwita Sura Mia. Jukwaani alikuwa mfalme, mlevi, hakimu, mkwe mkorofi. Kisha filamu zikamchukua, na uzee ulipomfika wakamwachia kazi moja tu, kufa. Alikufa vizuri kuliko wote, hata mkewe akawa anamtania kwamba siku akifa kweli watu watapiga makofi. Lakini alianza kusahau, na kila alipotakiwa kuingia alichelewa. Mkewe ndiye aliyesimama nyuma ya pazia, akamsukuma mgongoni na kumnong'oneza, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Waigizaji wa zamani walikuwa na mwiko. Aliyekufa kwenye mchezo hainuki mpaka mtu wake amwite kwa jina alilopewa na mama yake, naye aitikie. Bila hivyo ameuacha mwili wazi, na majini hawapigi hodi. Tangu ujana wao, kumwita ilikuwa kazi ya mkewe, mpambaji wa kundi lao la maigizo. Siku hiyo goti lilimuuma, akabaki nyumbani.

Sasa akampigia simu mwongozaji wa filamu.

"Mlimwita?"

"Kumwita vipi, mama? Nilisema kata, tukaenda kula. Tuliporudi alikuwa ameshainuka mwenyewe kwenye jeneza."

Akakata simu, akamtazama yule aliyeketi kwenye kiti kisicho chake.

Tangu hapo nyumba ikanuka mbao mbichi na rangi, harufu ya lile jeneza la filamu, hata ndani ya mito. Mzee hakusahau tena neno. Binti yao alipokuja kuwaona alifurahi.

"Mama, baba alishasahau mpaka jina langu. Leo anakumbuka kila kitu, wewe unalia nini?"

"Sema polepole, mwanangu. Anasikia."

"Nani?"

Mama angemwelezaje? Jioni ileile, binti alipokwisha kuondoka, alipita mlango wa bafu akasikia mfalme akizungumza na mlevi, hakimu akimkaripia mkwe, sauti zote za maisha ya mumewe zikipokezana bila kuvuta pumzi, kisha zote zikanyamaza na ikaja sauti ya mwanamke, sauti yake yeye mwenyewe, ikilia kama alivyolia siku alipofiwa na mama yake, ikikosea, ikianza upya, mpaka kilio kikakaa sawasawa. Akajifungia jikoni. Aliogopa, lakini zaidi ya hofu alimtaka mumewe, yule mzee msahaulifu wa kukohoa.

Kesho yake akaenda kwa mganga, naye akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wako amebaki humo alimofia," akasema kwa sauti ya chini. "Kamlaze huyo palepale, umwite mumeo. Atakayeitikia wa kwanza ndiye mwenye mwili. Na utaita mara moja tu."

Mama akamdanganya yule wa nyumbani kwamba mwongozaji anataka kurudia lile tukio la kifo. Alikuja bila ubishi. Mwigizaji hakatai kamera, na jini aliyeonja sifa hana tofauti naye.

Jeneza lilikuwa kwenye stoo ya filamu, katikati ya viti vya enzi vya maboksi na panga za mbao. Akajilaza mwenyewe, akamtabasamia, akafumba macho. Mganga, aliyekuwa akiwasubiri humo, akafunika, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akamwashiria mama.

Mama akainama, na kabla hajafungua kinywa akasikia kitu chini kabisa, chini ya mbao, chini ya sakafu, mbali kama mtu aliye mwisho wa korido ndefu: kikohozi. Alikuwepo! Machozi yakamtoka, akaliita lile jina kwa nguvu zake zote, jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuliita, na alipokwisha kuliita ndipo akakumbuka kwamba mumewe huchelewa, kwamba miaka yote hii ni mkono wake uliomsukuma, na mkono huo ulikuwa juu ya mbao, haumfikii.

"Naam, mama watoto," ikajibu sauti nzuri, papo hapo.

Kisha, baada ya kitambo, kutoka kule chini: "Naam... Umeniita? Nakuja, mke wangu. Nisubiri."

Mganga akaondoa kiganja. "La kuvunda halina ubani," akasema, bila kumtazama.

"Niache nimwite tena! Mzee wa watu anakuja, si umemsikia? Anakuja!"

Mganga alikuwa ameshaufikia mlango. Kifuniko kikainuka. Aliyelala akaketi, akajipangusa pauda usoni, akamshika mama mkono kwa upole.

"Twende nyumbani," akasema.

Kisha akakohoa, kikohozi kilekile cha mzee, bila kukosea.