Ukurasa Uliomuuliza Dada Kama Yeye ni Mtu

Jamani, nyumba yenye amani utaijua tangu mlangoni. Nyumba ya mkandaji ilikuwa hivyo: taulo safi zimekunjwa, mafuta yamepashwa moto, na kicheko cha mwenyewe kinamtangulia kumpokea mgeni. Mkandaji huyu hakuona tangu utotoni, lakini mikono yake iliijua migongo ya mtaa mzima. Wazazi walipofariki alimlea mdogo wake wa kiume, na sasa kijana alikuwa fundi wa tovuti, watu wakimwita Injinia. Dada mtu hakuchoka kumsifu.

"Ile tovuti ya hospitali ni kazi ya mdogo wangu," aliwaambia wateja waliolala kifudifudi, wasio na pa kukimbilia.

Siku moja akioga, vidole vyake vikakuta uvimbe mdogo kwenye titi. Vidole vile havikuwa vya kudanganywa. Ilimpasa amwone daktari.

Hospitali ilikuwa imeacha kupokea watu wasio na miadi, na miadi iliombwa kwenye tovuti tu. Hilo halikumtisha, maana simu yake humsomea kwa sauti kilichoandikwa. Akafungua ukurasa.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe."

Vitufe havikuwa na majina. Akapapasa hivyo hivyo mpaka chini, na huko akakuta swali: thibitisha kuwa wewe ni binadamu, chagua picha zote zenye ngazi. Akacheka peke yake. Halafu kicheko kikamkauka.

Amwombe nani? Jirani yake, Mama Redio, angemsaidia kwa moyo mmoja, ila mtaa ungepata habari za titi lake kabla ya daktari. Kwa mdogo wake aliona haya, tena hakutaka kumvunja moyo kwa kazi aliyoitolea jasho. Akasema atajaribu kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na uvimbe haukumsubiri.

Msomaji, usimlaumu haraka. Wewe ungependa siri ya mwili wako ipitie macho ya jirani kila unapomtaka daktari?

Jumapili moja Injinia alikuja kula, akamkuta dada yake kimya, simu mkononi ikirudia kitufe, kitufe.

"Dada, unahangaika na nini?"

"Na kazi yako, mdogo wangu."

"Lete nikusaidie basi."

"Sitaki unisaidie. Kaa hapa, fumba macho, uombe miadi kama ninavyoomba mimi."

Alidhani ni mzaha, akafumba. Kitufe. Picha. Kitufe. Akabonyeza, akarudishwa mwanzo. Akabonyeza tena. Jasho likamtoka kwenye ukurasa alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika kwenye lile swali la binadamu, vidole vyake vikaanza kugonga picha haraka haraka.

"Umefumbua macho," dada akasema kwa upole. "Na mimi je, nifumbue nini?"

Injinia akamrudishia simu. "Miadi yenyewe ni ya nini, Dada?"

Akamwambia. Kijana akalia bila kujificha. "Watu wa hospitali waliniuliza kuhusu wasioona, nikasema hao ni wachache, tutawafikiria baadaye. Nimekulia mgongoni kwako, na bado sikukukumbuka!"

"Sasa umekumbuka. Haya, futa machozi ufanye kazi."

Chakula kilipoa mezani. Injinia alifungua kompyuta yake, akakipa kila kitufe jina lake, lile swali la picha akaliondoa, na muda wa kujaza ukurasa akaurefusha. Dada alikaa ubavuni na simu yake, akipima. "Hiki bado bubu," alisema, naye akarekebisha. Mwishowe simu ikatamka vizuri: chagua daktari, chagua siku, thibitisha.

"Geukia ukutani," dada akamwambia. "Mambo ya wanawake haya."

Akaomba miadi yake mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe.

Uvimbe ulikuwa wa aina mbaya, lakini daktari alisema umewahiwa. Ukatolewa, akatibiwa, akarudi kwenye taulo zake na kicheko chake. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru na mdogo wake, ambaye alizidi kuinama kila aliposhukuriwa. Hata mwalimu mmoja mstaafu ambaye mikono humtetemeka alifika hospitali kutoa ahsante, kwamba siku hizi ukurasa haumfukuzi akichelewa kubonyeza.

Funzo

Ndugu zangu, Injinia hakuwa mtu mbaya. Alisema "baadaye" tu, na hiyo baadaye nusura imchukulie dada. Asiyeona, asiyesikia na mwenye mikono mizito si wageni wa kutengewa nafasi wengine wakishashiba. Ni wenye nyumba. Wewe unayetengeneza tovuti, wakaribishe tangu siku ya kwanza, wapime kazi pamoja nawe. Na kabla hujaikabidhi, fumba macho uitumie mpaka mwisho. Ukikwama, ujue kuna dada wa mtu amebaki nje.